Mwembamba wa Kuzaliwa

Mwenye kuwajibika ni mwanamke aliyekuwa na ofisi ya kuwakutanisha watafuta wachumba, katika orofa ya pili ya jengo moja mjini Nyeri, mwishoni mwa miaka ya tisini. Natangulia kulisema hili kwa sababu tangu wakati ule lawama zimegawanywa hovyo. Wapo waliomlaumu mama yangu kwa ulimi wake. Wapo waliomlaumu dada yangu kwa kutafuta mume kwa mashine. Wapo pia, tena watu wa kanisani, waliomlaumu marehemu ambaye hawezi kujitetea. Hakuna hata mmoja kati ya hao aliyeketi mbele ya kompyuta siku ile. Aliyeketi ni yeye. Aliuona mwili wa dada yangu mchana, kwa macho yake, umbali wa meza moja, kisha akaandika mwili mwingine.

Mimi nilikuwa mtumishi wa serikali. Kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nilisajili vizazi na vifo, hadi nilipostaafishwa mapema katika ule upunguzaji wa wafanyakazi wa miaka hiyo, nikarudi kuishi kwetu Tetu, katika boma la mama yangu. Kazi ile ilinifunza jambo moja kuhusu miili, kwamba watu hawawezi kuieleza. Jamaa aliyekuja kuandikisha kifo, akianza kunisimulia habari za marehemu, aghalabu alinisimulia mtu mrefu kuliko yule niliyemfahamu mimi mwenyewe barabarani. Marehemu hurefuka. Nilizoea kusikiliza bila kubisha, kwa kuwa serikali haikutaka kujua kimo cha mtu aliyekwisha kufa.

Nyumbani tuliishi watatu: mama, mimi, na dada yangu mdogo ambaye hakuwa ameolewa. Dada yangu alikuwa mfupi na mnene. Siandiki hivyo kumdharau. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo alivyokuwa, na kwa sababu hakuna karatasi yoyote iliyopata kusema hivyo. Alikuwa na mashavu yaliyojaa, mikono mifupi yenye nguvu, na kicheko kilichovuka bonde hadi kwa majirani. Alifuma sweta za shule kwa mashine ya mkono iliyokaa kando ya dirisha, na siku za soko alizipeleka Karatina. Alikuwa ameufikia umri ambao watu huacha kukuuliza utaolewa lini, na kuanza kunyamaza. Kunyamaza huko ndiko kulikomuumiza. Siku moja aliniambia, bila kuinua macho kutoka kwenye nyuzi, "Mimi sitaki tajiri, kaka. Nataka mtu mmoja anitazame mimi, aseme ndiyo, ni huyu. Basi."

Haikuwa haja kubwa. Nimeona watu wakiomba makubwa zaidi na wakapewa.

Ni lazima nieleze hapa desturi moja ya kwetu, kwa ajili ya msomaji wa mbali. Binti wa pili hupewa jina la nyanya mzaa mama, na kwa wazee wetu kupewa jina si kukumbukwa tu, ni kurudi. Dada yangu alikuwa binti wa pili. Kwa hiyo mama hakumwita kwa jina lake, wala hakumwita mwanangu. Alimwita "mama". Mama, lete kuni. Mama, umekula? Tulikua tukisikia hivyo, na hatukuona ajabu. Nyanya mwenyewe nilimjua. Alizikwa wakati dada yangu bado akibebwa mgongoni, na nilikuwepo udongo uliporudishwa.

Tulikwenda Nyeri katika majira ya baridi, siku moja ya ukungu ambapo Mlima haukuonekana wala watu hawakuutafuta. Ofisi ile ilikuwa na kompyuta moja, simu moja, benchi, na ubao uliojaa karatasi zilizochapishwa. Mwenye ofisi, ambaye zamani alikuwa karani wa kupiga taipu, alikuwa mwanamke wa makamo, nadhifu, mwenye sauti ndogo iliyokulazimu umsogelee. Alitueleza kwamba karatasi zile hubandikwa pia kwa mawakala wake katika miji mingine, Karatina, Kerugoya, Kenol, hadi Wang'uru, na kwamba maneno yayo hayo huingizwa kwenye mtandao, ambako mtu aliye Nairobi au hata ng'ambo aweza kuyasoma. Picha hazikuwekwa. Alisema laini ya simu ya Nyeri haiwezi kubeba picha. Mwili ulisafiri kwa maneno matupu.

Nilipokuwa nikingoja niliusoma ubao ule wote. Hakukuwa na mtu mnene hata mmoja. Palikuwa na wenye "mwili wa kutosha", wenye "umbo la Kiafrika", na wengi mno waliokuwa "wa wastani", wala warefu wala wafupi, kana kwamba mkoa mzima ulikuwa umepimwa kwa kamba moja. Wanaume walikuwa na "mwili wa kazi" au "kifua kipana". Wembamba waliandikwa kwa uangalifu wa pekee. Miaka ile ugonjwa ambao watu hawakuutaja kwa jina ulikuwa ukipita nyumba kwa nyumba, na mtu aliyekonda alitazamwa mara mbili. Kwa hiyo aliyekuwa mwembamba hakuandikwa mwembamba tu. Aliandikwa "mwembamba wa kuzaliwa", yaani msiogope, hajakonda, hivi ndivyo alivyoumbwa. Niliondoka mbele ya ubao ule nikiwa na hisia kwamba nimesoma habari za watu ambao hawapo popote.

"Andika mfupi, mnene, kelele mingi," dada yangu akamwambia mwenye ofisi. "Atakayekuja awe amejipanga."

Mwenye ofisi alitabasamu bila kufungua midomo. "Hakuna mtu ameandikwa mnene hapa, dadangu. Hilo neno linafukuza watu. Na pia mtu hajielezi mwenyewe. Akijieleza, anadanganya. Hapa mtu anaelezwa na yule alimzaa." Kisha akatugeukia mimi na dada yangu. "Nyinyi ngojeni nje kidogo."

Tulitoka tukasimama ngazini, na mlango ukafungwa. Tuliopanda ngazi zile tulikuwa watu watatu: mama, dada yangu na mimi. Nasisitiza idadi hiyo. Tulimsikia mama akizungumza Kikuyu kwa muda mrefu, kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu baba afariki, sauti ya mtu anayesimulia. Mashine ya kompyuta ilitoa mlio wake. Dada yangu alinikonyeza na kusema, "Leo nitasifiwa mpaka nijikwae nikishuka."

Hatukupewa nakala. Tuliambiwa karatasi zitatoka baada ya siku chache, na tukarudi nyumbani.

Karatasi tuliiona kwa mara ya kwanza mkononi mwa mgeni. Alikuwa mwalimu, mtu wa heshima, aliyevaa tai kuja kunywa chai kwa watu wasiomjua. Dada yangu alimkaribisha, akamwandalia, akaketi mbele yake. Mwalimu alikunywa nusu ya kikombe, macho yake yakiwa juu ya bega la dada yangu, kwenye mlango wa jikoni.

"Na yeye atakuja saa ngapi?" akauliza.

"Yeye nani, mwalimu?"

"Yule nimekuja kuona."

"Ni mimi."

Mwalimu alicheka kwa adabu, kama mtu aliyefanyiwa mzaha na shemeji. Akatoa karatasi, akaisoma kwa sauti. Ilimtaja mwanamke mrefu, mwembamba wa kuzaliwa, mwenye shingo ndefu na mikono mirefu, mwanya katikati ya meno ya juu, mwendo wa taratibu, maneno machache. Dada yangu alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Basi huyo mkimpata, mwambieni asaidie kufuma, kazi ni mingi." Tulicheka. Mwalimu hakucheka. Aliporudi barabarani aligeuka mara nyingine kuitazama nyumba yetu, si mlango tuliosimama, bali dirisha la upande.

Tulidhani ni kosa la uchapishaji. Nilipiga simu kutoka posta, nikaahidiwa kwamba litashughulikiwa. Halikushughulikiwa. Wanaume wakaja wengine, kutoka Othaya, kutoka Karatina, mmoja kutoka mbali Nanyuki, na wote walikaa kwa namna ile ile, kikombe mkononi na macho juu ya bega la dada yangu. Jambo hilo huambukiza. Nilijikuta nami nikigeuka kuona wanachokitazama. Palikuwa na mlango wa jikoni, moshi kidogo, na mwanga wa mchana. Mama, ambaye hakuwa mtu wa kusahau, alianza kuleta sinia ikiwa na kikombe kimoja zaidi ya watu waliokuwepo. Alikitazama, akakirudisha jikoni.

Dada yangu bado alikuwa akifanya mzaha. "Leo wamekuja wawili kumwona yule. Nimewaambia ameenda mtoni." Lakini niliona kwamba wageni wakiondoka alikuwa akikaa kitini vile vile, mikono mapajani, kama mtu anayengoja kuitwa.

Kisha akaja mtu wa Wang'uru. Alikuwa mjane, mkulima na mfanyabiashara wa mpunga, mwenye viatu vilivyokuwa bado na tope jeusi la mashamba ya Mwea kwenye mshono. Yeye pia alikuwa na karatasi. Aliitazama, akamtazama dada yangu, akaitazama tena. Nilijiandaa kusikia lile swali.

"Kwenu ni maji, kwetu ni baridi," dada yangu alisema kumtangulia. "Unataka kunipeleka huko mbu wanimalize?"

"Mbu wa kwetu wanauma wageni tu," akajibu. "Ukikaa kidogo wanakuzoea, wanakuamkia wakipita."

Dada yangu alicheka kicheko chake, kile cha kuvuka bonde. Mtu yule aliweka kikombe chini, akamtazama, yeye na si mlango, hadi kicheko kilipokwisha. Kisha akaikunja karatasi, akaiweka chini ya kikombe kama kitu cha kuzuia meza isichafuke, na hakuigusa tena. Alikaa hadi wakati wa kukamua ng'ombe.

Nilimsindikiza hadi langoni. "Mzee," akaniambia, "huyu wa karatasi simjui, na sina haja naye. Yule nimeona ndani ndiye nataka. Mpunga ukitoka shambani nitarudi na wazee."

Nilimpelekea dada yangu maneno hayo neno kwa neno. Alikuwa akiosha vikombe. "Wote husema watarudi, kaka."

"Huyu hakusema kama wengine."

"Huyu alikuwa na adabu. Adabu si kurudi." Lakini jioni ile nilimsikia akiimba kwenye mashine yake.

Lau mambo yangeishia hapo nisingekuwa na cha kuandika. Lakini karatasi ziliendelea kubandikwa, na siku moja ya ukungu mzito lori likasimama barabarani, akashuka dereva kijana kutoka Kenol. Hakuwa na haya. Aliingia, akaamkia, akamtazama dada yangu na kutikisa kichwa.

"Huyu mama ni mzuri, sikatai, lakini sio yeye," akaniambia. "Yeye nimemwona saa hii."

"Umemwona wapi?" nikamwuliza.

"Hapo chini, pale maziwa hupokelewa. Ukungu ilikuwa mingi, nikasimamisha gari niulize njia. Akakuja kwa dirisha. Mrefu hivi. Mwanya hapa." Aligusa meno yake ya juu kwa kidole. "Nikamwambia natafuta boma fulani. Akasema, ile ya mikaratusi, hiyo ni ya mtoto wangu, nenda tu. Nikacheka! Nikamwambia, wewe msichana hivi uko na mtoto wa kuwa na boma? Hakucheka. Akaenda pole pole, na gari yangu ikakataa kushika moto mpaka akapotea."

Dada yangu alianza kucheka, kisha kicheko kikakatika katikati. Mama aliinuka kutoka kwenye kigoda chake, akatoka nje bila kumuaga mgeni.

Nilimkuta zizini, mkono wake ukiwa juu ya mgongo wa ng'ombe. Dada yangu alikuwa amenifuata na kusimama nyuma yangu. Nilimwuliza mama, kwa heshima inayomstahili, alimwambia nini yule mwanamke wa Nyeri.

"Aliniuliza mtoto wangu yuko namna gani," mama akasema. "Nitasema nini? Mtu hasifu alichozaa. Ukisifu kinaondoka. Nilimwambia huyu ni mama yangu. Akaniuliza, na mama yako alikuwa namna gani? Nikamweleza. Mama yangu alikuwa mrefu. Alikuwa na mwanya. Ni nani asiyejua?"

"Ulimwambia kwamba ni marehemu?"

"Nilimwambia tulimzika. Akasema pole. Akaendelea kuandika."

Naomba msomaji alishike jambo hilo. Mama alijibu kama mwanamke yeyote wa kwetu wa umri wake angejibu. Si uongo, ni namna ya kusema, na ina heshima yake. Lakini mwenye ofisi ni mzaliwa wa kwetu. Aliijua desturi. Aliambiwa kaburi lipo. Aliuliza mwenyewe swali la pili, la marehemu, kwa sababu jibu lake lilimpendeza kuliko mwili uliokuwa umesimama mbele yake.

"Kwa hiyo wanakuja kumposa nyanya," dada yangu akasema nyuma yangu. Hakuna aliyecheka, naye hakutazamia tucheke.

Nilikwenda Nyeri kesho yake asubuhi. Wanawake watatu au wanne walikuwa wameketi kwenye benchi, na mwenye ofisi alikuwa akiwasomea karatasi kwa sauti yake ndogo, kama mtu anayefundisha sala. Nilizitambua shingo ndefu, mikono mirefu na mwendo wa taratibu. Nilipoutazama ubao niliona kwa nini. Karatasi mpya za Kerugoya, za Karatina, za Murang'a, zote zilikuwa na mwanamke yule yule. Alikuwa ameenea milimani. Majina ya miji tu ndiyo yaliyobadilika chini yake.

Nikamwambia, "Maelezo haya si ya dada yangu. Nakutaka uyaondoe hapa, kwa mawakala wako, na kwenye huo mtandao."

"Hayo ndiyo yanajibiwa kushinda yote, bwana. Simu hailali. Nikiyatoa, hawa nitawasaidia na nini?"

"Ulimwona dada yangu. Alisimama hapa, mbele yako."

"Niliwaona wote wawili."

"Wote wawili nani?"

Alinitazama kwa mshangao ambao, nakiri, haukuonekana wa kuigiza. "Dada zako. Yule mnene mcheshi, na yule mrefu. Mlipotoka nje yeye alibaki, akasimama hapo kwa dirisha mama yenu akiongea. Hakusema kitu. Mlikuja watu wanne, bwana."

Wanawake wa benchini waligeuka kulitazama dirisha. Nami nililitazama. Lilikuwa dirisha dogo linaloelekea ukuta wa jengo la pili, na kioo chake kilikuwa na ukungu kwa ndani, juu, mahali ambapo pumzi ya mtu mrefu ingefika. Ofisi ilikuwa na watu wengi, na asubuhi ilikuwa baridi. Sielezi zaidi ya hayo. Nilimwambia kwamba nilipanda ngazi zile na watu wawili tu na niko tayari kuapa. Akasema hata yeye yuko tayari kuapa. Hakuna aliyetuapisha.

Nyumbani nilisema tu kwamba amekataa. Sikutamka lile jingine, na sidhani kwamba lilihitaji kutamkwa.

Mabadiliko ya dada yangu hayakuja kwa siku moja, ndiyo maana tulichelewa kuyapa jina. Alianza kuacha chakula sahanini. Nguo zake zikamlegea, akazifunga kwa mshipi, kisha mshipi nao ukahitaji tundu jingine. Kicheko kilipungua, kikawa tabasamu, kikawa kuinamisha kichwa. Aliyekuwa akikimbia kuwahi gari la Karatina akawa anatembea taratibu, mikono ikining'inia, na kulikosa. Alifuma sweta moja ambayo haikuwa ya mteja wala ya shule yoyote, nyembamba kiunoni, yenye mikono mirefu mno, na akaivaa. Mikono ile ilipita vidole vyake, akawa anaikunja.

Nilimwambia, "Mtu wa Wang'uru alikuona jinsi ulivyo. Alikutaka jinsi ulivyo."

"Aliniona mara moja, kaka. Yule wanamwona kila siku."

Kanisani watu walianza kumpa nafasi kubwa kwenye benchi. Wanawake walimuuliza mama kwa upole kama mtoto anakohoa. Nilimpeleka dada yangu hospitali, akapimwa kila kitu, pamoja na kile ambacho watu walikuwa wakikinong'ona, na daktari hakuona ugonjwa wowote. Naliandika hili waziwazi ili lisibishaniwe tena. Dada yangu hakuwa mgonjwa.

Mchana mmoja, mvua za vuli zikielekea ukingoni, mama alimsogezea sahani na kumwambia, kama alivyomwambia maisha yake yote, "Mama, kula."

"Nimeshiba, mtoto wangu," dada yangu akajibu.

Hakuwa amewahi kumwita hivyo. Haikuwa dhihaka, na sauti haikuwa ya mtu anayeigiza. Mama aliiondoa sahani kwa mikono miwili, kwa utiifu, kama msichana mdogo aliyekatazwa jambo na mzazi wake.

Mtu wa Wang'uru alirudi. Alirudi kama alivyoahidi, mpunga ulipotoka shambani, na wazee wake katika gari dogo la mizigo, na gunia la mchele mpya ambao harufu yake ilifika nyumbani kabla yao. Nilikuwa juu kwenye shamba la kahawa nilipoliona gari, nikateremka kwa haraka ambayo haifai mtu wa umri wangu. Dada yangu alikuwa amenitangulia. Alisimama langoni katika ile sweta yake. Sisemi kwamba alikuwa amerefuka. Mtu mzima hupungua, harefuki. Nasema tu kwamba siku hiyo mikono ya sweta ile haikuwa imekunjwa, na iliishia kwenye vifundo vya mikono yake. Kwa haki, niongeze kwamba sufu hunywea ikifuliwa.

Mgeni alivua kofia, akamwamkia kama mtu anavyomwamkia mtu asiyemjua.

"Hamjambo hapa. Nimekuja kwa dada yenu. Yuko?"

"Yupi?" dada yangu akauliza.

"Yule mfupi. Yule wa kucheka."

Dada yangu alimtazama kwa muda mrefu. Nilikuwa nimekaribia vya kutosha kuuona uso wake, na kwa kitambo kidogo mno nilidhani kwamba atacheka, kwamba kicheko kipo, kiko njiani. "Huyo hayupo," akasema. Akageuka, akaenda zake taratibu kuelekea nyumbani.

"Ni yeye!" nikasema. "Bwana, ni yeye, huyo huyo."

Mtu wa Wang'uru alimtazama mgongoni hadi alipoingia ndani. Mzee aliyekuwa mkubwa wao alikohoa, akasema kwa sauti ya kutaka yaishe kwa amani, "Mgonjwa apewe nafasi apone kwanza. Mambo mengine hayakimbii." Nilipinga. Nilitaja hospitali, nikamtaja daktari. Waliitikia kwa vichwa, kama wanavyoitikia watu ambao wamezika wengi na kusikia mengi. Gunia walilishusha, maana haikuwa vizuri kulirudisha.

Mgeni alikuwa wa mwisho kupanda garini. "Mzee," akaniuliza, "kama huyu sio mgonjwa, yule nilimwona alienda wapi?"

Nilimfungia mlango wa gari.

Dada yangu angali hai. Anaishi pale pale Tetu, katika mwili ule alioandikiwa, na mama alimwita mama hadi siku tuliyomzika mama. Hakuolewa. Ofisi ile ilifungwa na mwenye ofisi akahamia kwingine, lakini najua alipo, naye anajua kwamba najua. Maneno hayakufungwa pamoja na ofisi. Mwaka jana binti wa jirani alinionyesha kwenye simu yake ukurasa wa watafuta wachumba, na humo, chini ya jina la Nyeri, kulikuwa na mwanamke mrefu, mwembamba wa kuzaliwa, mwenye maneno machache. Binti alinieleza kwamba anajibiwa sana.

Nimekwisha kumwandikia yule mwenye ofisi mara nyingi bila kupata jibu. Sasa nadai hadharani. Namdai ayaondoe maelezo yale kila mahali alipoyapeleka au alikoyaruhusu yapelekwe, na kama hawezi, aeleze mbele ya watu ni nani anayeyashikilia. Namdai aseme kwa kiapo alichokiona siku ile, bila kujificha nyuma ya mama mzee aliyejibu alichoulizwa. Kama alidanganya, awajibike kama mtu aliyedanganya. Kama aliona kweli, basi awajibike zaidi, kwa kuwa alikijua alichokuwa akikituma milimani na akaendelea kukituma. Na kabla ya hayo yote namtaka aje Tetu mchana, pasiwe na mashine wala meza, aketi mbele ya dada yangu, amtazame, na aseme kwa sauti, mashahidi wakisikia, anauona mwili wa nani.